Maswali Yenu: Changarawe, Vilima na Njia za Kando ya Mto

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu njia za vumbi na changarawe zinazofuata mto kwa muda, kisha zinauacha na kupanda vilimani. Zilizofanana tumeziunganisha. Tunaanza na ramani, kwa sababu safari nyingi huharibika mezani kabla baiskeli haijatolewa nje.

SWALI: Kwenye lami namaliza kilomita 60 kwa saa mbili na nusu bila kuchoka sana. Nimepata njia ya changarawe ya urefu huohuo, nusu kando ya mto na nusu vilimani, yenye jumla ya mita 1,200 za kupanda. Nijipangie saa ngapi?

JIBU: Saa sita. Tunajua zinaonekana nyingi, kwa hiyo fuata hesabu yenyewe.

Kwenye changarawe iliyoshikamana, mwendeshaji wa kiwango chako atakwenda wastani wa kilomita 18 kwa saa mahali pa tambarare. Kilomita 60 kwa mwendo huo ni saa tatu na dakika 20. Ongeza dakika 6 kwa kila mita 100 za kupanda: mita 1,200 zinakula dakika 72. Umefika saa nne na nusu za kupiga pedali tu. Kusimama kunywa maji, kufungua geti, kutazama ramani na kuvua koti huchukua kama dakika 10 kila saa, na hapo tayari umevuka saa tano. Zinazobaki ni akiba ya pancha moja na kipande kimoja kibaya.

Kosa la wengi ni kudhani muda uliopotea mlimani utalipwa kwenye mteremko. Kwenye lami hulipwa kwa sehemu. Kwenye kokoto unateremka umeshika breki, na mara nyingi mwendo haufiki hata kilomita 30 kwa saa.

Mchanga na tope hesabu peke yake. Kilomita moja ya changarawe ngumu ni dakika 3 na sekunde 20; kilomita moja ya mchanga ulegevu ni dakika 7 au 8, na mguuni ni 12 hadi 15. Kwa hiyo njia tuipime kwa saa, tusiipime kwa kilomita. Ukishapata jumla yako, panga pia saa ya kugeuza: saa ambayo, popote ulipo, unarudi. Kumbuka kwamba ndani ya bonde lenye kuta ndefu giza huingia mapema kuliko juu ya vilima.

SWALI: Nitajuaje kwenye ramani kama kilima kinapandika? Na kwa nini njia ya kando ya mto, ambayo ramani ilionyesha ni tambarare, ilinitoa jasho kuliko kilima?

JIBU: Kwa kilima, chukua rula. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000 sentimita moja ni mita 500 ardhini. Ikiwa mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha mahali penye kimo sawa, imeachana kwa mita 20 za kimo, ambacho ndicho kipimo cha ramani nyingi za aina hiyo, basi tazama nafasi kati ya mstari na mstari pale njia inapoikata. Milimita 8 ni mwinuko wa asilimia 5, ambao unapandika ukiwa umekaa na huku unaongea. Milimita 4 ni asilimia 10, ambao unapandika kwa gia nyepesi kama udongo umeshikamana. Milimita 2 ni asilimia 20, na hapo kwenye changarawe legevu karibu kila mtu anashuka na kusukuma. Soma chini ya ramani yako kwanza, maana zipo zenye kontua za mita 10, na hizo zitakudanganya ukitumia vipimo hivi bila kuvibadili.

Swali lako la pili ni zuri zaidi. Njia ya kando ya mto hukutana na kila kijito kinachoingia mtoni, na kila kijito kimechimba korongo lake. Unashuka mita 12, unavuka, unapanda mita 12. Korongo la namna hiyo linaweza kujificha kabisa kati ya kontua mbili za mita 20. Hata programu za simu hazilioni vizuri, kwa sababu nyingi hutumia data ya kimo iliyopimwa kwa miraba ya mita 30 hivi, na korongo jembamba linasawazishwa humo. Makorongo 20 ya mita 12 ni mita 240 za kupanda ambazo hakuna aliyekutajia. Tena ni kupanda kwa ghafla, kila mara ukiwa na gia isiyofaa.

Dawa yake ni kuhesabu vijito. Pitisha kidole kando ya mto na uhesabu kila mstari wa bluu unaokatwa na njia yako, ukiwemo ule wa nukta nukta unaoonyesha kijito cha msimu. Kila kimoja kiongezee mita 10 za kupanda na dakika mbili.

Kuhusu uso wa njia, ramani ya OpenStreetMap huweka barabara za mashambani katika madaraja matano, kuanzia grade1 iliyo ngumu hadi grade5 iliyo udongo au majani matupu. Daraja la kwanza na la pili zinafaa kwa tairi la milimita 38. La tatu linahitaji milimita 42 au zaidi. La nne na la tano zitegemee wakati wa kiangazi tu, na kwa vipande vifupi. Ramani hiyo huchorwa na watu wa kujitolea, hivyo thibitisha kwa picha za setilaiti. Njia yenye mistari miwili mieupe na majani katikati hupitiwa na magari. Mstari mmoja mwembamba unaopindapinda ni wa miguu au mifugo. Njia inayopanuka ghafla mahali pa chini, kama imetawanyika kuwa njia nne, ni mahali ambapo kila anayepita anakwepa tope.

SWALI: Tuanze kwa kupanda na mto au kushuka nao?

JIBU: Wengi watakwambia panda na mto asubuhi, urudi nao jioni miguu ikiwa imechoka. Ushauri huo unapendeza, ila unasahau upepo.

Mto wa nchi tambarare huweza kushuka mita 1 au 2 tu kwa kilomita, yaani asilimia 0.2 au chini yake. Mteremko huo miguu haiuhisi. Upepo wa usoni wa kilomita 20 kwa saa inauhisi kila dakika. Tena mabonde yaliyozungukwa na vilima virefu yana tabia yake: mchana jua likipasha joto miteremko, hewa hupanda bondeni kuelekea chanzo cha mto, usiku na alfajiri hewa baridi hushuka kufuata maji. Kwa hiyo ukirudi na mto saa nane mchana siku ya jua kali, huenda ukapigwa na upepo usoni njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kama bonde ni pana na upepo wake ni wa kawaida, fuata utabiri: anza dhidi ya upepo, rudi nao. Kama bonde ni jembamba na la vilima virefu, mpangilio tunaoupenda ni huu. Kabla ya saa tatu asubuhi shuka na mto. Panda vilima katikati ya safari, miguu ikiwa imepata moto lakini haijaisha. Kisha rudi kwa njia ya juu ya kilima, au kwa bonde lilelile huku upepo wa mchana ukikusukuma mgongoni.

Jambo moja lingine kuhusu mzunguko: ukiwa na njia mbili za kilima, panda kwa ile yenye mwinuko mkali lakini ngumu, teremka kwa ile ndefu na ya taratibu. Ile yenye mwinuko mkali na kokoto legevu iache kabisa. Kupanda gurudumu la nyuma linazunguka bure, na kuteremka ndipo watu wanapovunjika mfupa wa bega.

SWALI: Baiskeli yangu ina sproketi ndogo ya mbele ya meno 34, na kubwa ya nyuma ya meno 28. Vilimani napiga pedali nikiwa nimesimama mpaka magoti yanauma. Je, ni mazoezi au ni gia?

JIBU: Ni gia. Tufanye hesabu ya mwinuko wa asilimia 12, ambapo watu wengi huenda kilomita 6 kwa saa. Gurudumu la 700 lenye tairi la milimita 40 husafiri karibu mita 2.2 kwa mzunguko mmoja. Kwa 34 na 28, mwendo huo unakupa mizunguko 37 ya pedali kwa dakika. Kila mzunguko ni kama kupanda ngazi ukiwa umebeba mzigo. Ukiwa na 40 mbele na 42 nyuma unapata mizunguko 48. Ukiwa na 30 mbele na 42 nyuma unapata 63, na hapo unaweza kukaa kitini.

Kukaa kitini ndilo jambo lenyewe kwenye changarawe. Ukisimama, uzito unahama mbele, tairi la nyuma linakosa mshiko na kuteleza. Kwa hiyo gia nzito inaumiza goti na pia inakunyima kilima chenyewe.

Kabla ya kununua sproketi kubwa za nyuma, angalia direila yako, yaani kifaa kinachohamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine, inapokea meno mangapi, maana kila moja ina kikomo chake. Cheni nayo huenda ikahitaji kurefushwa. Ipime kwa kuizungusha kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye direila, kisha ongeza pingili mbili. Cheni fupi mno ikivutwa kwenye sproketi kubwa mbili kwa pamoja itang'oa direila.

SWALI: Upepo kiasi gani kwenye tairi la milimita 40? Napata pancha za matundu mawili yaliyokaa sambamba.

JIBU: Matundu mawili sambamba ni alama ya rimu iliyobana tyubu dhidi ya jiwe: upepo wako ni mdogo kuliko tyubu inavyovumilia, au unagonga mawe kwa kasi ukiwa umekaa kizito. Mwendeshaji na baiskeli wakiwa na kilo 85 kwa pamoja, anza na psi 35 mbele na 39 nyuma kama unatumia tyubu (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo ndani ya tairi). Kwa tairi la tyublesi, yaani lisilo na tyubu, anza na 30 na 33. Kila kilo 10 zikizidi, ongeza psi 2 au 3. Kisha tafuta kipande cha mawe, pita polepole: ukisikia rimu ikigonga, ongeza psi 2, baiskeli ikirukaruka kama mpira, punguza 2. Tumia kipimo kilekile cha pampu kila mara, kwa sababu viwili tofauti vinaweza kupishana kwa psi 3 na usijue uko wapi.

Tyublesi inafaa sana kwa njia hizi, lakini inadai matunzo. Tairi la milimita 40 hadi 45 lipe mililita 60 hadi 80 za maji ya kuziba. Hukauka baada ya miezi miwili hadi sita, na mahali pa joto mapema zaidi, hivyo fungua kiini cha valvu ukaguze kwa kijiti kirefu chembamba. Tundu la milimita 3 hujiziba lenyewe. La milimita 5 linahitaji kamba ya kuzibia inayochomekwa kwa sindano. Ubavu uliopasuka hauzibiki kwa maji wala kamba: weka ndani kipande cha tairi kuukuu chenye urefu wa sentimita 5, kisha tia tyubu.

Hapo kwenye kutia tyubu ndipo wengi wanapokosea. Tairi la tyublesi lililotembea miezi mitatu huwa limejaa miiba midogo ambayo maji ya kuziba yaliinyamazisha. Ukitia tyubu bila kuing'oa, tyubu inatobolewa kabla hujamaliza kujaza upepo. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kitanasa kwenye kila mwiba. Ng'oa wote.

Vilima vyenye mawe makali hukata mbavu za matairi zaidi kuliko miiba. Ndiyo maana wanaoshiriki mashindano ya Unbound Gravel katika vilima vya Flint Hills, jimbo la Kansas nchini Marekani, huchagua matairi yenye mbavu zilizoimarishwa hata kama ni mazito. Jiwe la gumegume lililoipa sehemu hiyo jina lake ndilo ambalo watu wa kale walichongea visu.

SWALI: Njia yetu inavuka mto bila daraja. Ni kina gani ambacho si salama?

JIBU: Kina peke yake hakijibu. Maji ya sentimita 15 tu yakienda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Tupa kijiti majini: kikikuzidi mwendo wako wa kutembea, usivuke. Maji yakiwa yamepita goti na yanakimbia, usivuke. Yakiwa ya kahawia, yanabeba matawi, au jiwe uliloliona dakika kumi zilizopita limefunikwa, ondoka hata ukingoni. Mvua iliyonyesha mbali huko juu hufika kwako saa kadhaa baadaye, anga likiwa jeupe.

Maji yakiwa tulivu na chini wazi, vuka kwa miguu ukiwa umevaa viatu. Fungua mikanda ya begi la mgongoni. Baiskeli iweke upande maji yanakoelekea, ili ikisukumwa iende mbali nawe badala ya kukugonga miguu. Mahali panapofaa ni pale mto unapopanuka. Pasipofaa ni pale unapobanwa, maana maji yaleyale yanapita kwa kina na kasi zaidi.

Kwa baiskeli, kikomo ni chini ya kiwango cha goti: beringi za pedali ziko karibu sentimita 27 kutoka ardhini na za magurudumu sentimita 35. Zimefunikwa dhidi ya matone, hazikutengenezwa kuzama. Pakizidi hapo, beba. Ukishatoka, bana breki kidogo huku ukienda ili diski zikauke, na jioni chomoa bomba la kiti, geuza fremu maji yatoke, futa cheni, tia mafuta. Ukisikia beringi zinasaga wiki moja baadaye, maji yaliingia.

SWALI: Baada ya mvua tope lilijaa mpaka magurudumu yakagoma, kisha direila ikavunjika. Kosa lilikuwa wapi?

JIBU: Kosa lilikuwa kwenye pedali ile ya mwisho, uliyoikandamiza kwa nguvu wakati kitu kimekwama. Tope na nyasi huvuta direila ndani ya spoku. Kipande cha aluminiamu kinachoishikilia kwenye fremu kimetengenezwa kivunjike kwanza ili fremu ipone. Beba cha akiba. Kila fremu ina umbo lake, hivyo nunua kwa kulinganisha na kilekile cha zamani.

Pima udongo kabla ya kuingia. Chukua donge, lisokote kati ya viganja: likiwa kamba nyembamba kama penseli bila kukatika, huo ni mfinyanzi, nao utajaa kati ya tairi na fremu ndani ya mita 50. Likivunjika, ni mchanga au kichanga, unapitika. Mfinyanzi hausukumwi wala hauendeshwi, unabebwa begani. Mwaka 2023 washiriki wa Unbound walikutana na kipande cha namna hii, na wengi waliteremka wakabeba baiskeli zao. Waliolazimisha kupiga pedali ndio waliokuwa hatarini zaidi kupoteza direila. Pita pembeni kwenye majani kama yapo, na beba kijiti bapa cha kukwangulia. Nafasi kati ya tairi na fremu ikiwa chini ya milimita 6 kila upande, tairi lako ni pana mno kwa fremu hiyo wakati wa mvua.

Afadhali zaidi ni kusubiri siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Magurudumu yanayopita kwenye mfinyanzi laini huacha mifereji ambayo hukauka na kumsumbua kila anayetumia njia hiyo kwa miezi, wakulima wakiwa wa kwanza.

SWALI: Naogopa kuteremka kwenye kokoto. Gurudumu la mbele linaponyoka kwenye kona.

JIBU: Linaponyoka kwa sababu unaliomba kazi mbili kwa wakati mmoja: kukata kona na kufunga breki. Maliza kufunga breki baiskeli ikiwa bado imenyooka, kisha achia, ndipo ukate kona. Shika sehemu ya chini ya usukani, vidole viwili kwenye kila breki. Nyanyua makalio sentimita chache, rudi nyuma kidogo, pedali zikiwa sambamba na ardhi. Kwenye kona, pedali ya nje ishuke na uzito wako ukae juu yake. Tazama unakotoka kwenye kona, usiitazame kokoto.

Breki ya mbele usiiogope: ndiyo inayokusimamisha, mradi uibane polepole na kwenye mstari ulionyooka. Mteremko mrefu ufungie breki kwa vipindi, ubane kwa nguvu kisha uachie, badala ya kuburuza kilomita tatu mfululizo mpaka diski inuke moto. Matuta madogomadogo yanayofuatana kama ubao wa kufulia hutengenezwa na magurudumu ya magari na huwa mabaya zaidi pale magurudumu hayo yanapopita. Tafuta ukingo, au ule utepe mwembamba kati ya alama mbili za magari. Kabla ya kila safari ya vilima tazama pedi: nyama ikibaki chini ya milimita 1, badilisha nyumbani. Tope la mchanga linaweza kuimaliza pedi ya namna hiyo kwa siku moja, na chuma kikianza kusaga diski utakuwa bado uko kileleni.

SWALI: Tunaweza kunywa maji ya mto tunaoufuata?

JIBU: Yakichemshwa, ndiyo: yaache yatokote dakika moja kamili, au tatu mkiwa juu ya mita 2,000. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa. Kuchemsha hakuondoi dawa za mashambani, kwa hiyo chini ya mashamba makubwa bebeni maji yenu, mililita 500 hadi 750 kwa saa kwa kila mtu, na mjaze chupa kabla hamjauacha mto na kuanza kupanda, kwa sababu vilele vingi havina maji kabisa.